Nani Yuko Wapi, na Upepo Unageukia Wapi?

Sauti inaingia redioni: "Tuko Mweka, moto unashuka upande wetu." Mweka ipi? Katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kuna kijiji cha Mweka, kuna chuo cha wanyamapori cha Mweka, kuna lango la Mweka wanakotokea wapandaji wakishuka, kuna njia ya Mweka, na kuna kambi ya Mweka iliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kijijini hadi kambini ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Moshi ambao kwa aliye langoni ni wingu la mbali, kwa aliye kambini unaweza kuwa dakika chache mbele ya ndimi za moto. Mpokeaji wa redio akijibu "nimekupata" na kugeukia wito mwingine, hajapata kitu. Ameandika neno moja, na watu wale bado hawajulikani walipo. Nawaandikia wanaosimamia vyumba vya mawasiliano wakati msitu au nyika inawaka: wakuu wa zamu katika hifadhi, mashamba ya miti, halmashauri na vituo vya zimamoto. Ninalotaka kulitetea ni kwamba msimamizi wa chumba hicho hapaswi kushika redio wala simu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakati wote chumba kina majibu ya maswali mawili, nani yuko wapi na upepo unageukia wapi, na kwamba majibu hayo yamewafikia walio mbele ya moto. Kupeleka magari, maji na watu kunakuja baada ya hapo.

Kwa mazoea yetu hili linasikika kinyume. Mkuu wa zamu anayesifiwa ni yule ambaye mambo yakichacha huinuka, huchukua redio mikononi mwa kijana na kuanza kutoa amri mwenyewe. Tunamwona mchapakazi. Lakini mtu anayeongea na kundi moja hasikii makundi mengine matano, na dakika anazotumia kubishana na dereva wa bowza ni dakika ambazo hakuna mtu chumbani anayetazama picha nzima. Moto wa Kilimanjaro ulioanza Oktoba 11, 2020 katika eneo la Whona, mahali wapandaji wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, uliwakusanya mlimani mamia ya watu wa aina tofauti: askari wa uhifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wapagazi, waongoza watalii na wananchi wa vijiji vya jirani. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena karibu na kambi ya Karanga. Kila mara mjadala wa hadharani hugeukia ndege na maji, na ni haki kuyadai. Ila watu mamia kwenye vichaka vikavu, katika hewa nyembamba, kila kundi likiwa na bosi wake na pengine redio yake, ni hatari ambayo ndege haiiondoi. Anayeweza kuipunguza ni mtu aliyekaa mezani bondeni, akiwa na ramani na kalamu.

Ushahidi mzito wa jambo hili uko Marekani, nchi yenye ndege, redio na vyumba vya mawasiliano vingi kuliko nchi nyingi duniani. Mapema Julai 1994 radi iliwasha moto kwenye mlima Storm King, karibu na mji wa Glenwood Springs katika jimbo la Colorado. Uliripotiwa Julai 3. Siku hizo eneo lile lilikuwa na mioto mingi ya radi, na huu ukahesabiwa mdogo. Kundi la kwanza la watu 7 lilipanda kuanza kazi Julai 5. Alasiri ya Julai 6 mkondo wa hewa baridi ulipita, upepo ukakaza ghafla, moto ukaruka hadi chini ya makundi yaliyokuwa mteremkoni, kisha ukapanda kwenye vichaka vya mwaloni kwa kasi inayomshinda mtu kukimbia. Walikufa 14: tisa wa kikosi cha Prineville Hotshots cha Oregon, watatu wa wale wanaorukia moto kwa miavuli, na wawili wa kikosi cha helikopta. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameuona mkondo ule ukija na walikuwa wametoa tahadhari. Uchunguzi ulionyesha kwamba utabiri huo haukuwafikia waliokuwa mlimani. Redio zilikuwepo, utabiri ulikuwepo, watu wa kuupokea walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake, na yake peke yake, ilikuwa kuutoa utabiri ule kwenye karatasi na kuufikisha kwenye masikio ya mwenye jembe.

Baadhi watasema hilo ni la zamani na tangu hapo mambo yamerekebishwa. Mengi yamerekebishwa kweli. Ndiyo maana tukio la Yarnell Hill, Arizona, la Juni 30, 2013, linafundisha zaidi. Safari hii tahadhari za upepo zilifika: mchana ule makundi yaliambiwa kwamba dhoruba za radi zinakuja na upepo utabadilika. Kikosi cha Granite Mountain Hotshots kilikuwa sehemu iliyokwisha kuungua, yaani mahali salama. Kisha kikaondoka hapo, kikashuka kupitia bonde lenye vichaka ambavyo havijaguswa na moto, kikielekea kwenye shamba lililoteuliwa kuwa kimbilio. Kwa muda wa kama nusu saa mawasiliano yao yalikuwa machache sana, na wasimamizi wa moto hawakujua kwamba kikosi kinahama wala kinapita wapi. Upepo uligeuka kama ulivyotabiriwa. Wakati watu wale wanajifunika kwa mahema yao ya dharura, ndege kubwa ya DC-10 iliyojaa dawa ya kuzuia moto ilikuwa angani ikingoja kujua walipo. Haikuambiwa, kwa sababu hakuna aliyejua. Walikufa 19, aliyebaki katika kikosi chao ni mmoja, aliyekuwa amewekwa mbali kama mlinzi wa kuangalia moto. Mtu akiyaweka matukio haya mawili sambamba ataona yanakamilishana. Storm King walijulikana walipo lakini upepo haukuwafikia. Yarnell upepo uliwafikia lakini hawakujulikana walipo. Swali moja likikosa jibu, lile lingine halimsaidii mtu.

Sisemi kwamba vifo vile vilisababishwa na vyumba vya mawasiliano. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilitoka mbele ya moto kwenyewe. Ninachosema ni kwamba chumba ndicho mahali pekee ambapo mtu anaweza kukaa asipumue moshi, asishike jembe, asikimbie, akafuatilia maswali hayo mawili tu. Tukimpa kazi nyingine juu ya hiyo, tumeipoteza nafasi hiyo.

Basi chumba kipangweje? Anzeni na ubao. Uwe mkubwa wa kusomeka kutoka mlangoni, uwe na safu sita: jina la kundi, kiongozi wake, idadi ya watu, mahali walipo, njia yao ya kutokea, na saa waliposikika mara ya mwisho. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo msimamizi anaitazama kuliko zote. Mpokeaji wa redio anazungumza na kuandika. Mwingine anabadilisha ubao. Msimamizi amesimama anapouona ubao, ramani na saa ya ukutani kwa pamoja. Kila nusu saa, na kila robo saa upepo unapotarajiwa kugeuka, kundi moja baada ya jingine linaitwa na kujibu mambo matatu: mko wapi, mko wangapi, moshi unalalia upande gani. Kundi ambalo halijajibu wito wa pili halisubiriwi hadi zamu ijayo ya kuitwa. Msimamizi anamwarifu kamanda wa moto pale pale, na mtu anatumwa au kundi la jirani linaulizwa. Ukimya redioni usihesabiwe kuwa dalili ya usalama. Yarnell ulikuwa ukimya wa nusu saa.

Turudi kwa yule wa Mweka, tusikilize mazungumzo yanavyopaswa kwenda. Mpokeaji anauliza: "Mweka kambini au langoni?" Anajibiwa: "Kambini." "Mko juu ya kambi au chini yake?" "Juu kidogo." "Ukitazama kilele, mko kushoto au kulia kwa njia?" "Kulia, bondeni." "Mko wangapi?" "Kumi na wawili." Kisha anarudia yote: "Nakurudia: watu 12, juu ya kambi ya Mweka, kulia kwa njia ukitazama kilele, bondeni. Moto ukiwafuata mtatokea wapi?" Hapo redio inanyamaza kwa sekunde kadhaa. Msimamizi anayesikiliza, kwa kuwa mikono yake iko huru, anaelewa maana ya kunyamaza huko. Kiongozi yule ameulizwa jambo ambalo bado hajalifikiria, na yuko bondeni, na moto uko juu yake. Hakuna chombo cha kununuliwa kitakachompa msimamizi taarifa hiyo. Ameipata kwa swali lililopangwa kabla na kwa sikio lisilokuwa na kazi nyingine.

Neno "nimekupata" lenyewe linastahili kuwekewa masharti. Linasema kwamba sauti imefika, halisemi kwamba maana imefika. Kwa mambo manne, yaani mahali, idadi ya watu, upepo na amri ya kuondoka, kanuni iwe kurudia maneno, si kukubali tu. Na maneno yawe ya kawaida. Baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, iliyoua watu 16 kwa muda wa kama wiki mbili, idara zilizokuwa zimepigana bega kwa bega ziligundua kwamba kila moja ilikuwa na istilahi na masafa yake ya redio, na hazikuelewana. Katika mfumo wa uongozi wa matukio uliozaliwa kutokana na hayo, lugha ya wazi ilikuja kuwa sharti: hakuna namba za siri, hakuna misimbo ya kikosi kimoja. Kwetu faida ni kubwa zaidi, kwa sababu askari wa hifadhi, mpagazi na mwanakijiji tayari wana Kiswahili kimoja. Misimbo ya kijeshi inamfungia nje yule mpagazi anayelijua korongo lile kuliko wote.

Kuhusu majina ya mahali, kazi ifanyike wakati wa mvua, msitu ukiwa umetulia. Mashamba ya miti yana nafuu, kwani yamegawanywa katika vitalu vyenye namba na barabara zake zinajulikana. Hifadhi na misitu ya vijiji haina nafuu hiyo. Watu huita mahali kwa jina la mto, la mti mkubwa, la mzee aliyewahi kuishi pale, na jina moja linaweza kutumika pande mbili za mlima. Kaeni na wapagazi, wafugaji, warina asali na waokota kuni, andikeni kila jina wanalolitumia, na kila jina lipewe mahali pake kwenye ramani. Majina yanayojirudia yaongezewe neno la pili la lazima: Mweka Kambi, Mweka Lango, Mweka Chuo. Orodha hiyo ibandikwe mbele ya kila mpokea simu. Simu zenye uwezo wa kuonyesha majiranukta ya mahali zinasaidia, na zitumike. Lakini betri huisha, mtandao hukatika bondeni, na mtu anayekimbia hasomi tarakimu kumi bila kukosea.

Upepo nao unahitaji mwenyewe. Teueni mtu mmoja chumbani ambaye kazi yake ni hali ya hewa tu. Anachukua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, anauliza mahususi kuhusu mlima au msitu ule, na anauandika ubaoni kwa saa: kuanzia saa ngapi, kutoka wapi, kwa nguvu gani. Ila asiishie hapo. Mlima una upepo wake. Mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda. Usiku miteremko ikipoa, hewa hushuka. Na saa za mpito kati ya hali hizo mbili ndizo za kuchunga, kwa sababu moto uliokuwa ukipanda kumkimbia mtu unaweza kugeuka na kumshukia. Ndiyo sababu swali la moshi unalalia wapi limo katika wito wa kila nusu saa. Makundi matatu yakisema moshi umesimama wima baada ya kulala upande mmoja asubuhi nzima, kuna jambo linabadilika, hata kama karatasi ya utabiri haijasema. Na habari ya upepo isitangazwe mara moja kwa wote kisha ikahesabiwa imefika. Iende kwa kila kundi kwa jina lake, kiongozi airudie kwa maneno yake, na saa aliyoipokea iandikwe. Kundi ambalo halijarudia halijaambiwa.

Deni la kufikisha habari liko pia kwa wananchi wasio wazima moto, na Australia inaonyesha ukubwa wake. Februari 7, 2009, jimboni Victoria, mioto iliua watu 173, na 119 kati yao walikufa katika moto mmoja ulioanzia Kilmore East muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Upepo wa kaskazini-magharibi uliusukuma moto ule kama ulimi mrefu. Jioni ulipogeuka kutoka kusini-magharibi, ubavu mzima wa ulimi huo ukawa ndio uso wa moto. Mgeuko huo ulikuwa umetabiriwa vizuri. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba kituo cha kuongoza moto wa Kilmore hakikuwa na watu wa kutosha wala maandalizi ya siku kama ile, na kwamba tahadhari kwa miji iliyokuwa njiani zilichelewa au hazikutolewa. Kwenye simu, wananchi wengi waliopiga kuuliza hawakupokelewa. Mwaka 2018 huko Paradise, California, moto ulioripotiwa karibu saa 12 na nusu asubuhi ulikuwa umeingia mjini kufikia saa 2, na baadhi ya wakazi waliopiga simu mapema waliambiwa moto uko mbali na mji. Walikufa 85. Mpokea simu hakuwa na nia mbaya. Alisoma taarifa ya mwisho iliyokuwa mbele yake, na ilikuwa imeshachacha.

Kutokana na hayo natoa shauri ambalo wakubwa wengi hawalipendi: mpokea simu asimwambie mwananchi kwamba yuko salama. Hana uwezo wa kulijua hilo. Aseme anachokijua na saa ya taarifa yake: "Saa nne kasoro robo moto ulikuwa upande huu wa mto, upepo unaelekea kwenu, ukiona moshi unakuja juu yako usisubiri simu, ondoka kwa njia hii." Kisha amuulize yeye. Anayepiga simu ni jicho la bure. Moshi una rangi gani? Unauona mwali au moshi tu? Kuna nyumba, mifugo, wazee wasioweza kutembea? Katika zamu yenye simu nyingi, namba ya dharura ya zimamoto Tanzania, 114, inabeba pia ajali za barabarani na nyumba zinazoungua nchi nzima. Kwa hiyo moto mkubwa wa msituni unapaswa kuwa na meza yake na namba yake mapema iwezekanavyo, kabla haujaizamisha ile ya wote.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la vifaa. Chumba chetu kina redio mbili na simu moja, umeme hukatika, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kule vifaa vilikuwepo na watu wakafa. Ubao, ramani, saa na daftari vinapatikana katika kila ofisi ya serikali. Kilimanjaro inatupa hoja nzuri zaidi: mpandaji yeyote anayefika kambini huandika jina lake kitabuni, kambi moja baada ya nyingine, na ofisi ya hifadhi inaweza kusema jana usiku nani alilala Horombo. Tumekwisha kujua kumfuatilia mgeni aliyelipa kiingilio. Kijana wa kijijini anayepanda na panga na tawi la mti kuuzima moto, bila buti, bila malipo, hastahili pungufu ya hapo. Langoni kuwe na kitabu cha wazima moto: jina, kundi, kiongozi, saa ya kupanda, saa ya kutarajiwa kurudi, namba ya ndugu. Bila kuandikwa, mtu asipande. Wapo watakaolalamika kwamba moto unaendelea huku watu wamepanga mstari. Kundi la watu 15 linaandikwa kwa dakika tano, na bila dakika hizo tano siku ya pili mtu anaweza kutafutwa na mama yake langoni na asiwepo wa kumjibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa makamanda wenye uzoefu: aliye mbele ya moto anaona kuliko aliye mezani, kwa hiyo chumba kisimfundishe kazi. Ni kweli. Msimamizi wa mawasiliano haamui moto ukabiliwe upande gani wala njia ya kuzuia moto ikatwe wapi. Akianza kufanya hivyo atawachanganya watu, na watakufa kwa amri mbili zinazopingana. Lakini haki moja apewe kwa maandishi: haki ya kujibiwa. Akiuliza mko wapi, hata kamanda mwenye nyota nyingi begani ajibu. Akisema upepo unageuka saa tisa, kamanda arudie alivyoelewa. Kinachofuata ni uamuzi wa kamanda. Naona mpaka huo unamlinda kamanda mwenyewe, kwa sababu anayepigana na moto huona ukuta ulio mbele yake vizuri mno na kilicho nyuma ya kilima haoni kabisa.

Jambo la tatu ni WhatsApp, na hapa sina budi kuwa mkali. Katika mioto yetu makundi ya simu yanageuka chumba cha pili cha mawasiliano, tena chenye nguvu kuliko cha kwanza: picha zinatumwa, viongozi wanatoa maagizo, watu wanajitolea kwenda walikodhani wanahitajika. Kuyafunga haiwezekani na si lazima. Yatumike kwa picha na ramani. Amri ya kupeleka watu isitoke humo kamwe, na kila picha inayoingia iulizwe maswali mawili kabla haijagusa ubao: imepigwa saa ngapi, na mpigaji alisimama wapi? Picha iliyosambazwa mara nne hufika bila majibu hayo, na moto unaoonekana ndani yake huenda ulikwisha zimika asubuhi. Tahadhari hiyo hiyo ielekezwe kwa picha za setilaiti. Huduma ya FIRMS ya NASA huonyesha bure sehemu zenye joto la moto, na ni msaada mkubwa kwa msitu mpana usio na barabara, lakini inaonyesha hali ya wakati setilaiti ilipopita, saa kadhaa zilizopita. Itumieni kutafuta moto msioujua. Kumwambia mtu aliye bondeni kwamba moto bado uko mbali, hapana.

Kuna mambo madogo ambayo nayapitia haraka, ingawa kila moja lina uzito wake. Jina la majeruhi au marehemu lisitajwe redioni. Ndugu yake anaweza kuwa anasikiliza, au yuko kundi la jirani na panga mkononi. Waandishi wa habari na viongozi wanaokuja kutazama wapewe mtu wa kuzungumza nao nje ya chumba, mlango ufungwe. Msimamizi mmoja asisimamie zaidi ya watu 7, na 5 ndiyo nafuu, wakizidi, gawanyeni. Na msipeleke kila gari kwenye moto huo huo. Storm King ulianza kama moto mdogo uliosubirishwa kwa sababu mingine ilikuwa mikubwa, kwa hiyo kila siku ya moto mkubwa liwepo kundi moja lililobaki nyumbani, na liwepo jina la mtu anayekumbuka kuiuliza ile mioto midogo iliyowekwa kando imefikia wapi.

Uchovu sitaupitia haraka. Huko Marekani kanuni ya wazima moto wa msituni ni saa moja ya mapumziko kwa kila saa mbili za kazi, na zamu isizidi saa 16. Kwetu mtu hukaa mezani mchana na usiku, na tunamsifu kwa uzalendo. Mtu huyo saa kumi alfajiri husikia "watu 12" akaandika 21, na hajui kama amekosea. Zamu zibadilishwe kwa kupishana nusu saa, anayetoka na anayeingia wakiwa wamesimama wote mbele ya ubao. Anayetoka asome kila kundi kwa sauti: wako wapi, wangapi, watatokea wapi, walisikika lini. Anayeingia aite kila kundi mwenyewe kabla mwenzake hajaondoka. Kama kuna kundi ambalo halikujibu, anayetoka habanduki.

Anayesoma haya na anasimamia chumba kama hicho, namwomba jambo moja kabla vichaka havijakauka tena. Nunua kitabu kigumu cha kurasa mia mbili, kipige mistari, andika juu yake "Wazima Moto: Waliopanda na Walioshuka", na ukiweke langoni karibu na kile cha wageni. Halafu mteue leo, kwa jina, atakayeketi kwenye redio siku ya moto, ili wewe usiishike.